Nani Anamwogesha Mama

Mwezi uliopita shirika lilinistaafisha kwa sababu nimefikisha umri. Kazi yenyewe ilikuwa kuhudumia wazee, kwa hiyo nilimuuliza mkuu wa ofisi kama maana yake nimeiva au nimeoza. Alicheka, akanikabidhi kitenge na saa ya ukutani. Vijana wa ofisi wakaniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii kabla sijayasahau. Hilo la kusahau walilisema kwa heshima, lakini walilisema.

Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana hata mimi sikuelewa jinsi vilivyokuwa vinapangwa. Nitasema yale ambayo mtu anayeanza kazi Jumatatu angependa kuyajua Jumapili.

Naitwa Espérance, na kambi nzima inaniita Mama Espe. Nilikuwa muuguzi Bukavu, Kongo. Nilipofika na mume wangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, vyeti vyangu vilikuwa vimebaki ndani ya kabati ambalo sijui leo linafungiwa nguo za nani. Nilikaa mwaka mzima nikiuza mandazi karibu na yale majengo ya zamani ya gereza, ndipo nikaitwa ofisini. Walikuwa wamesikia kwamba yule mama wa mandazi anajua kufunga kidonda. Wakaniambia kazi ni kutembelea wazee nyumbani kwao.

Nilidhani wananitania. Ukisimama popote Dzaleka unaona watoto: watoto bombani, watoto shuleni kwa zamu, watoto wanaokimbiza tairi. Wazee wako wapi? Nikapewa orodha ya ukurasa mmoja na mtu wa kunionyesha njia, Mzee Sylvestre, Mrundi mwembamba aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao. Yeye alikuwa amewatembelea wazee hao kwa hiari yake kabla shirika halijajua kwamba wapo.

"Mama Espe," akaniambia tukiwa njiani, "unaangalia barabarani bure. Yule anayeweza kufika barabarani bado ni kijana."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya kanisa. Nilifungua fomu yangu nikaanza kuuliza maswali kwa mpangilio: jina, umri, maradhi, ndugu. Mzee akajibu kila swali kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "sijuwe." Mzee Sylvestre aliniacha nimalize. Kisha akaomba beseni, akatia maji ya vuguvugu, akaitumbukiza miguu ya yule mzee ndani yake, akatoa mkasi wa kucha mfukoni. Alikata kucha za miguu moja baada ya nyingine, polepole, bila kuuliza chochote. Alipofika mguu wa pili mzee alikuwa ameshaanza kusimulia. Tulijua mke alifia wapi, mwana yuko wapi, na kwamba kwa siku tatu alikuwa anakula mara moja tu kwa siku kwa sababu jiko lake limevunjika na aliona aibu kuomba.

Tulipotoka Mzee Sylvestre alinieleza. Kucha za mikono mtu anaweza kuzikata mwenyewe, au kuziuma. Kucha za miguu zinahitaji mgongo unaopinda, macho yanayoona na mkono usiotetemeka. Zikiwa ndefu, kimoja kati ya hivyo vitatu kimekwisha, na hakuna mtu wa karibu. "Hiyo ndiyo ripoti yako," akasema. "Fomu utaijaza ukifika nyumbani."

Tangu siku hiyo mkasi wa kucha haukutoka mkobani mwangu. Humo nilikuwa pia na kipima presha, bandeji, daftari, na mipira ya kuvika ncha za fimbo. Mipira hiyo niliinunua Lilongwe, soko la Tsoka, kwa baba mmoja aliyekata matairi makuukuu kwa kisu cha ajabu. Fimbo isiyo na mpira ni salama kwenye udongo, lakini ukimpeleka mzee kliniki kwenye sakafu ya saruji inateleza kama sabuni. Na ukimpandisha mzee kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mkalishe upande, umwambie dereva asipande ila aisukume. Dereva atanuna. Mwache anune.

Miaka ile ya kwanza wazee wangu wengi walikuwa na watu wao. Bibi aliishi na binti, binti alikuwa na watoto, na kazi yangu ilikuwa dawa na maneno mawili matatu. Kisha ndege zikaanza kuchukua watu. Mtu anayeitwa kwenda nchi ya tatu, yaani kuhamishiwa Ulaya au Amerika, ni yule mwenye watoto wadogo, mwenye nguvu, mwenye kujifunza lugha haraka. Mzee naye anaitwa, lakini mzee ana mapafu mabovu, ana presha, ana dosie, yaani faili, inayosimama mezani. Na wengine hawakutaka. Kila basi lililoondoka hapa kuelekea uwanja wa ndege liliacha mtu mmoja mlangoni kwenye kiti. Orodha yangu ikawa kurasa mbili, halafu nne. Kambi bado ilikuwa imejaa watoto, na bado mgeni angeniuliza wazee wako wapi.

Sasa niwaambie habari ya Koko Vumilia, koko kwetu ni bibi, kwa sababu kila nilichokijua baada ya hapo kilitoka kwake.

Koko Vumilia alitoka Bukavu kama mimi, mtaa wa Kadutu, ingawa kule hatukujuana. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ulimi, na alisema Kiswahili cha kwetu, kinachosema njo badala ya ndiyo au ndipo, na bantu badala ya watu. Aliishi na binti yake Neema, mshonaji, mjane mwenye watoto wawili. Cherehani ya Neema ilikaa dirishani, na Koko alikaa pembeni akifumua mishono aliyoona imepinda. Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, aliishi Mama Spès, Mrundi wa makamo aliyeuza nyanya na vitunguu. Waligombana kila siku kuhusu maji yanayotiririka uani.

Dosie ya Neema ya kwenda Kanada iliitwa. Walihojiwa mara ya kwanza, mara ya pili, wakapimwa afya. Neema na watoto walipita. Koko akaonekana ana kitu kifuani, wakasema atibiwe kwanza, miezi mingi, na dosie nzima imsubiri, maana wote walikuwa kwenye karatasi moja.

Siku chache baadaye Koko alikuja ofisini peke yake. Kutoka kwake hadi kwetu kijana anatembea dakika ishirini. Yeye alikuwa ametoka baada ya chai na akafika karibu saa sita. Akakaa, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa.

"Mama Espe, andika pale kama niko na mutoto mwanaume Bukavu, anakuya kunichukua. Njo batoe jina yangu kwa dosie."

"Koko, uko na mtoto mwanaume Bukavu?"

"Hapana."

"Basi nitaandikaje?"

"Na kalamu," akasema.

Nilimwambia siwezi kuandika uongo. Alinitazama kama mtu anayetazama mshono uliopinda. Ndipo akanieleza. Mjukuu wake mkubwa alikuwa anamaliza shule ya msingi, na hapa baada ya hapo njia ilikuwa nyembamba. Neema alikuwa ameanza kukohoa kwa vumbi la nguo. Na yeye Koko hakutaka kwenda kuzeeka mahali ambapo hata kuomba maji ya kunywa lazima mtu amtafsirie. "Banasema nitatibiwa, halafu banapima tena, halafu tena. Batoto banakua. Mi sitaki kuwa jiwe kwa mlango."

"Neema anajua?"

"Akijua atakataa. Njo maana nilikuya kwako."

Hapo niliomba ushauri kwa Mzee Sylvestre, ambaye wakati huo alikuwa hawezi tena kutembea, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namkata kucha. Akanijibu kitandani pake kwamba mzee ana haki ya kubaki kama kijana alivyo na haki ya kwenda, lakini hakuna mwenye haki ya kumfanyia mwenziwe jambo hilo kwa siri. Nikarudi kwa Koko nikamwambia: uongo sitauandika, ukweli nitauandika wote, ila kwanza autamke mbele ya binti yake.

Tulikaa watatu pale ndani, cherehani imefunikwa. Koko akasema. Neema akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mapajani pake, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama kitabu.

"Bon. Mi siendi," akasema.

"Utaenda."

"Nani atakuangalia? Nani atakupikia? We hata sufuria hauwezi kushusha kwa moto!"

"Nitakula baridi."

"Mama, usicheze."

"Sichezi, Neema. Mi nilikubeba kwa mugongo kutoka Bukavu? Hapana, ulikuwa mukubwa, ulitembea. We njo ulinibebea mizigo. Tangu ile siku unanibeba. Sasa unishushe."

Neema alilia. Koko hakulia. Aliniangalia mimi, na Neema naye akageuka akaniangalia mimi. Wote wawili walitaka nitamke kitu. Nami nikatamka: "Nenda, Neema. Mimi nitamwangalia."

Vijana, hilo ndilo kosa langu kubwa katika miaka yote ya kazi, na nalisema wazi ili msilirudie. Sikukosea kumwambia aende. Nilikosea kusema "mimi." Nilikuwa na wazee kurasa nne na miguu miwili. Mtu mmoja hamwangalii mtu. Anampitia tu.

Wakatoa jina la Koko kwenye karatasi, kwa ombi lake, kwa maandishi, kwa kidole gumba. Neema akaondoka na watoto. Nilimpitia Koko kila wiki mbili, kama orodha ilivyoniruhusu. Kila nikifika alikuwa amekaa pale pale dirishani, akaniambia yuko vizuri, nami nikaandika "yuko vizuri."

Asubuhi moja alitoka kwenda chooni akateleza kwenye yale maji ya uani ambayo alikuwa anayagombania na Mama Spès. Mama Spès alikuwa ameshaenda sokoni. Koko alilala pale chini tangu asubuhi hadi alasiri, jua likimzunguka. Mama Spès ndiye aliyemkuta aliporudi na beseni lake. Alilitupa, nyanya zikasambaa, akapiga kelele mpaka watu wakaja na mlango wa kumbebea.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Gari la wagonjwa likatupeleka hospitali kuu ya Lilongwe. Wakamfunga mguu kwa bandeji na kamba yenye jiwe linaloning'inia mwisho wa kitanda, wakasema alale hivyo wiki kadhaa mpaka mfupa ushike. Nesi wa zamu, binti mpole, akaniuliza: "Guardian wake ni nani?"

Nyinyi mliokulia hapa mnajua. Katika wodi za Malawi kila mgonjwa anakuja na mtu wake. Mtu huyo anapika nsima, ugali wa huku, nje kwenye mabanda, anaosha nguo, anamsafisha mgonjwa, analala chini ya kitanda. Nesi ana wagonjwa wodi nzima. Yeye anatoa dawa, mambo mengine ni ya huyo mtu. Nilitazama vitanda vyote: kila kimoja kilikuwa na dada au shangazi au mkwe. Kitanda cha Koko kilikuwa na mimi, na mimi nilitakiwa ofisini kesho yake.

"Ni mimi," nikasema. Nikaomba likizo kwa simu, nikabaki.

Siku ya tatu Neema alipiga simu ya video. Huko alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Alisema walimpokea haraka, maana nchi ile imejaa wazee na hawana mikono ya kutosha. Kila wiki wanaleta wafanyakazi kutoka nchi nyingine. Alikuwa amevaa nguo yake ya kazi, ya rangi ya samawati, na nyuma yake kulikuwa na korido safi yenye vishikio ukutani pande zote.

"Mama, uko namna gani?"

"Niko nimefungwa kama mbuzi," Koko akasema. "Na we?"

"Niko kwa kazi. Nimetoka kuogesha mama moja, yeye pia alivunjika nyonga." Kisha sauti ikamkatika. "Mama, mi niko naogesha mama ya bantu. We nani anakuogesha?"

Koko aliona aibu kunionyesha kwa kidole. Alifumba macho kidogo.

"Iyo mama yako ya huko," akauliza, "batoto yake biko wapi?"

"Banatumika kazi, Mama. Iko mmoja kwa muji ingine, mwingine sijui wapi. Mbali."

"Kumbe," Koko akasema, "ni sawa na hapa."

Nimesoma ripoti nyingi ofisini kuhusu mataifa yanayozeeka na vijana wanaohama, ripoti zenye michoro ya rangi. Hakuna iliyonieleza jambo hilo vizuri kuliko maneno hayo matatu manne ya Koko akiwa na jiwe mguuni. Nchi moja imeishiwa mikono, inaita mikono ya nchi nyingine, na kule mikono inakotoka kunabaki mgongo usioogeshwa. Neema hakufanya kosa. Nchi ile haikufanya kosa. Nesi wa Lilongwe hakufanya kosa. Lakini Koko alikuwa ameanza kupata kidonda kwenye makalio.

Neema akaniomba nimgeuzie kamera. Alikitazama kidonda, na nilipouona tena uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa uso wa mtoto anayelia, ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Mama Espe, umugeuze kila masaa mbili. Usimvute, ngozi itachubuka. Uko na drap?"

Sikuwa na shuka la ziada, nilikuwa na kitenge. Akanielekeza: nikikunje mara mbili, nikiingize chini ya mgongo kwa kumwinamisha kidogo tu, nishike pindo karibu na mwili wake, nipige goti moja, na uzito uende kwenye miguu yangu na si kiunoni. Mimi muuguzi wa diploma, na kiuno changu kilikuwa kimeharibika kwa miaka ya kunyanyua watu vibaya. Nikavuta. Koko akageuka kama mtu anayejigeuza usingizini. Hakutoa hata sauti. Shangazi wa kitanda cha jirani, Mmalawi, akaacha sufuria yake akaja. "Tena," akaniomba kwa ishara. Nikarudia. Kufikia jioni kitenge kilikuwa kinazunguka wodini, na kila mtu alikuwa ananiambia zikomo, asante ya kwao, kana kwamba mimi ndiye niliyebuni.

Mama Spès alikuja siku iliyofuata. Alikuwa ameiacha biashara yake ya nyanya, amepanda gari hadi Lilongwe, na ametandika mkeka wake chini ya kitanda kabla sijamuuliza lolote. "Nenda kazini wewe," akaniambia. "Haya maji yalikuwa ya uani kwangu." Nikamfundisha kitenge. Alikaa mpaka mfupa ukashika.

Niliporudi ofisini niliomba kikao. Nilisema kwamba tuna orodha ya wazee, lakini mzee hahitaji kuorodheshwa, anahitaji mtu wake, kama wodini. Niliomba kila mzee anayeishi peke yake apewe jirani mmoja anayejulikana kwa jina, aliyefundishwa, anayehesabiwa kuwa ni mfanyakazi na kulipwa posho kama wale wanaosafisha visima. Mkuu wa ofisi alisema fedha hazipo, na tena chakula cha mgao kilikuwa kinapunguzwa kwa kila mtu. Alisema kweli. Nilimwuliza gari la wagonjwa kwenda Lilongwe linagharimu nini, na kitanda, na kidonda. Akasema nimwachie afikirie. Nikamwambia nitafikiria pamoja naye, nikabaki nimekaa. Nafikiri alikubali ili apate kwenda kula.

Tulianza na majirani wachache, Mama Spès akiwa wa kwanza. Mafunzo yalifanyika Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule. Neema alikuwa anatufundisha kwa simu niliyoiegemeza kwenye boksi la chaki. Kwao ilikuwa asubuhi. Yeye alionyesha kwenye kitanda chake huko, mwanawe mkubwa akijifanya mgonjwa na kucheka. Sisi tulifuata juu ya dawati lililotandikwa blanketi, na mgonjwa wetu alikuwa Koko mwenyewe, akikosoa. "Unanishika kama gunia," alimwambia mwanamume mmoja mkubwa. "Mi si muhogo."

Nilidhani nimepata jibu. Mwaka haukuisha, majirani watatu vijana miongoni mwa wale wa kwanza, wasichana hodari kabisa, wakapata njia ya kwenda nje kwa kazi. Kazi gani? Ya kutunza wazee. Walipohojiwa walisema wana uzoefu, na uzoefu walikuwa wameupata kwetu, juu ya dawati lile. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kuwaaga na kuwakagua kama bado wanapiga goti vizuri. Tangu hapo nilibadilisha utaratibu. Kila mzee akawa na majirani wawili, mmoja kijana na mmoja wa umri wa Mama Spès, ambaye hakuna nchi inayomwita. Kijana akiondoka, wa pili anabaki na kumfundisha mwingine. Wanawake waliopita miaka arobaini na mitano, wanaume waliochoka kusubiri, hao ndio nguvu kazi ya kambi hii, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuwauliza wanaweza nini. Msimfundishe kijana kwa kinyongo kwamba ataondoka. Mfundisheni vizuri, na mhakikishe hayuko peke yake.

Kuhusu Koko, alipona akatembea na fimbo, mguu mmoja ukiwa mfupi kidogo. Kila Jumapili alizungumza na Neema, na mara mbili tatu Neema alimpa simu yule mama wa huko, mwenye nyonga. Hawakuwa na lugha. Walikuwa wanatazamana tu, kisha Koko anauliza, "Amekula?"

Mwaka jana Neema alikuja. Alikuwa amepata paspoti ya huko, akaomba likizo, akasafiri peke yake. Nilimpokea njiani tukaenda pamoja. Koko alikuwa amekaa nje, amevalishwa nguo ya kanisani tangu asubuhi. Siwezi kueleza namna walivyokumbatiana, na sitajaribu. Baada ya chai Neema alikunja mikono ya blauzi yake.

"Leo mi njo nitakuogesha."

Mama Spès alikuwa ameshachota maji. Akasimama na ndoo, akampisha. Walimwingiza Koko ndani, nami nikabaki mlangoni. Neema alifanya kila kitu kama alivyotufundisha, kwa mikono ya mtu anayeijua kazi. Alianza na uso. Koko akashtuka, akarudisha kichwa nyuma.

"Hapana, si hivyo," Mama Spès akasema taratibu. "Anaanza mgongo. Uso anaosha mwenyewe. Na usimshike hapa kushoto, panamuuma tangu mvua zianze."

Neema aligeuka. Nilimwona uso. Miaka yote ile alikuwa ameosha mamia ya watu, na sasa mtu mwingine alikuwa anamweleza mwili wa mama yake. Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji mkononi mwake. Nilitaka kuingia nikaseme kitu, ndiyo tabia yangu. Safari hii nilibaki mlangoni.

Neema akamnyooshea Mama Spès kitambaa. "Nionyeshe," akasema.

Mama Spès akapiga goti. Neema akapiga goti kando yake. Mkono mmoja ukashika bega la Koko, mwingine ukaanza mgongoni, kutoka juu kwenda chini.

"Maji inapoa," Koko akasema. "Mutaongea kesho."

Nilisimama pale mlangoni muda kidogo, nikisubiri kama kuna atakayeniita. Hakuna aliyeniita. Nikavuta pazia, nikafungua daftari kuona ni nyumba gani inafuata, nikaenda.